Majeraha ya Kuteleza kwa Ubao wa Theluji: Hatari ya Siku ya Kwanza na Namna ya Kujikinga

Oslo, Munich, Toronto, Minneapolis na Denver ni miji ambako familia nyingi za Afrika Mashariki zina ndugu wanaosoma au kufanya kazi. Yote haiko mbali na miteremko ya theluji, na kwa wenyeji wake kwenda mlimani wakati wa baridi ni jambo la kawaida, kama ilivyo kwa mkazi wa Dar es Salaam kwenda ufukweni siku ya Jumapili. Shule hupeleka watoto, waajiri huandaa safari, marafiki hualikana. Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Ghuba hawana hata haja ya kusubiri majira ya baridi, kwa kuwa Dubai ina mteremko wa ndani wenye theluji halisi na urefu wa mita 400 tangu mwaka 2005. Hivyo mtu ambaye hajawahi kukanyaga theluji hujikuta asubuhi moja amefungwa miguu yote miwili kwenye ubao, huku watoto wa miaka sita wakimpita kwa kasi.

Mchezo wenyewe si wa kale. Mwaka 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili pamoja ili binti zake watelezee wakiwa wamesimama kiubavu. Kutokana na wazo hilo na mengine yaliyofuata, mchezo ulienea hadi ukaingizwa katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, michezo ile ile ambayo Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10.

Runinga huonyesha watelezaji wakiruka juu angani na kujipindua, na mtazamaji hudhani kwamba wanaoumia ni hao. Ni kweli kwamba wapo. Mmarekani Kevin Pearce aliumia vibaya ubongo tarehe 31 Desemba 2009 akifanya mazoezi huko Park City, Utah, wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Vancouver. Lakini katika kliniki zilizo chini ya milima, sehemu kubwa ya wanaoletwa ni watu wa kawaida walioanguka kwenye mteremko mpole, wengine wakiwa karibu wamesimama. Mapitio ya kitabibu yaliyochapishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikadiria kuwa takriban robo ya majeraha ya mchezo huu hutokea mtu anapoujaribu kwa mara ya kwanza, na karibu nusu katika msimu wake wa kwanza. Makala hii inamlenga hasa mtu huyo wa siku ya kwanza, pamoja na mhudumu wa afya atakayempokea, awe huko ugenini au baadaye nyumbani.

Ubao unavyomwangusha mtu

Katika skii, kila mguu una ubao wake, mikono ina fimbo mbili, na viatu hufunguka vyenyewe kwenye skii pale nguvu ya kupinda mguu inapozidi. Mtelezaji wa ubao hana lolote kati ya hayo. Miguu yake yote miwili imefungwa kiubavu kwenye ubao mmoja, kwa vifungo visivyofunguka anapoanguka. Mtu anayepepesuka barabarani hujiokoa kwa kupiga hatua. Hapa hatua haipo, na kinachobaki ni mikono.

Ubao una kingo mbili za chuma: ukingo wa upande wa vidole vya miguu na ukingo wa upande wa visigino. Mtelezaji husimamia ukingo ulio upande wa juu ya mlima na kuuinua kidogo ule wa upande wa bonde. Anayejifunza huusahau ukingo huo wa chini kwa nukta moja, nao huzama kwenye theluji. Ubao husimama ghafla, mwili unaendelea. Ikiwa alikuwa ametazama bondeni, hurushwa mbele na kutua juu ya viganja. Ikiwa alikuwa ameupa bonde mgongo, hutupwa kinyumenyume na kutua kwa makalio, mgongo na kisogo. Anguko hili la pili ni la haraka kiasi kwamba mtu hapati muda wa kujikunja. Nalo hutokea zaidi kwenye miteremko mipole, ambako ubao hulala karibu sambamba na theluji na ukingo wa chini una nafasi ndogo tu ya kubaki juu.

Wengi hudhani pia kwamba theluji ni laini. Theluji iliyodondoka usiku huweza kuwa laini, lakini ile iliyoshindiliwa na mashine, ikayeyuka mchana na kuganda tena usiku, haitofautiani sana na sakafu ya saruji.

Kifundo cha mkono

Hili ndilo jeraha linaloutambulisha mchezo huu. Kwa mtelezaji anayeanza, hakuna kiungo kinachoumia mara nyingi zaidi ya kifundo cha mkono. Utaratibu wake unajulikana na kila mhudumu aliyewahi kumpokea mtu aliyeteleza bafuni: mkono umenyooshwa, kiganja kimekunjuliwa, uzito wote unashukia hapo. Mfupa unaovunjika mara nyingi ni radiasi, yaani mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, karibu kabisa na kifundo. Kwa watoto na vijana ambao hawajamaliza kukua, ufa unaweza kupita katika sehemu ya ukuaji iliyo mwishoni mwa mfupa huo, na usipotibiwa vizuri mkono huweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake.

Jambo la kwanza kufanya, hata kabla ya kutafuta barafu ya kupoza, ni kuvua pete, bangili na saa. Kifundo kilichovunjika huvimba upesi, na pete iliyovulika kwa urahisi saa nne asubuhi huenda ikahitaji kukatwa ifikapo adhuhuri. Kisha mkono ufungwe kwenye gango katika hali uliyokutwa nayo, uinuliwe juu ya usawa wa moyo, na majeruhi apewe dawa ya maumivu. Mhudumu akague rangi na joto la vidole, aulize kama kuna ganzi. Ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati humaanisha kuwa neva inayopita katikati ya kifundo imebanwa, na hilo halipaswi kusubiri kesho.

Mfupa mwingine una hila zaidi. Skafoidi ni mfupa mdogo, wenye umbo la korosho, uliopo chini ya kidole gumba. Unaweza kuvunjika bila mkono kupinda wala kuvimba sana, na picha ya eksirei ya siku ya kwanza ikaonekana safi. Damu huingia katika mfupa huu zaidi kutoka upande wa vidole. Ukikatika katikati, kipande cha upande wa kigasha hukosa damu, na kisipotibiwa hushindwa kuunga au hufa. Miaka michache baadaye mgonjwa, ambaye pengine ni fundi au dereva, hawezi tena kushika bisibisi au kuzungusha usukani bila maumivu. Kwa hiyo yeyote aliyeangukia kiganja na akaumia anapobonyezwa katika kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba anapokitanua, atibiwe kama aliyevunjika skafoidi. Mkono ufungwe, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, au kifanyike kipimo cha MRI pale kinapopatikana. Picha safi ya siku ya kwanza haimwondoi mtu huyu katika orodha.

Hapa panahitaji kusemwa jambo moja kuhusu simu za nyumbani. Majeruhi aliye ugenini, hasa pale ambapo matibabu ni ghali na bima haieleweki, hupiga simu kwanza kwa mama au shangazi. Ushauri anaopewa ni kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta ili kiungo kirudi. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini kwa kiungo kilichoumia leo ni wa kudhuru: joto huongeza uvimbe, na kuchua husogeza mifupa iliyovunjika. Ndugu anayetaka kusaidia amwambie akapigwe picha.

Je, kifundo kinaweza kukingwa? Jibu la tafiti ni ndiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Norwei walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watelezaji 5,029 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Waliovaa kinga za vifundo vya mikono walioumia kifundo walikuwa 8, wasiovaa, 29. Wapo waliohofia kuwa kinga ngumu huhamishia nguvu ya anguko juu zaidi, kwenye kigasha, kiwiko au bega. Hofu hiyo ina mantiki ya kimekanika, na ndiyo sababu kinga inayopinda kidogo inafaa kuliko kipande kifupi cha plastiki kisichopinda kabisa. Haitoshi hata hivyo kumfanya anayeanza aende mikono mitupu. Tangu mwaka 2020 kipo kiwango cha kimataifa cha kinga hizi, ISO 20320, na mnunuzi anaweza kukitafuta kwenye lebo. Ajabu ni kwamba maduka ya kukodisha vifaa humpa mteja ubao, viatu na helmeti bila kuombwa, lakini kinga za mikono mara nyingi hupatikana kwa anayeuliza tu. Inapasa kuuliza.

Kifundo cha mguu “kilichoteguka”

Mtelezaji anatua vibaya baada ya mruko mdogo. Mguu wa mbele, ndani ya kiatu laini, unakunjwa kuelekea juu na kupinduka. Kinavimba upande wa nje, mbele kidogo na chini ya fundo la mguu, mahali pale pale panapovimba mtu anapoteguka kwa kawaida. Eksirei haionyeshi kitu. Anafungwa bandeji, anaambiwa atembee taratibu.

Kwa mtu mwingine yeyote utambuzi huo ungekuwa sahihi mara nyingi. Kwa mtelezaji wa ubao, mhudumu anapaswa kusita. Talasi, mfupa unaobeba uzito wote wa mwili kati ya mundi na kisigino, una pembe upande wa nje ambayo huvunjika katika mchezo huu kiasi kwamba madaktari wa mifupa wameiita kwa jina la mchezo wenyewe. Ufa wake hujificha nyuma ya mifupa mingine katika picha ya kawaida, na CT skani ndiyo huuonyesha. Kipande kisiposogea hutibiwa kwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo, bila kukanyagia mguu kwa wiki kadhaa. Kikisogea, upasuaji huhitajika. Kikiachwa, kiungo kilicho chini ya talasi huharibika, na mgonjwa hupata tabu ya kudumu kila anapotembea kwenye ardhi isiyo sawa. Mgonjwa anayerejea nyumbani kutoka Ulaya au Marekani na “kuteguka” ambako hakujapona baada ya wiki sita aulizwe alikuwa akifanya nini siku alipoumia.

Kichwa

Machi 16, 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka akiwa katika somo la skii kwenye mteremko wa wanaoanza huko Mont Tremblant, Quebec. Hakuwa amevaa helmeti. Aliinuka, akazungumza kama kawaida, na gari la wagonjwa lililokuja likarudi bila yeye. Baadaye siku hiyo kichwa kilianza kuuma. Alifariki siku mbili baadaye jijini New York, akiwa na umri wa miaka 45. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kuwa damu ilikuwa imevujia kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo.

Yeye alikuwa na skii, lakini anguko la kisogo lililoelezwa hapo juu humweka mtelezaji wa ubao katika hatari ya namna hiyo hiyo, na wapasuaji wa ubongo wa Japani wameeleza wagonjwa wengi wa aina hii, wengi wao wakiwa wanaoanza. Mshipa uliopasuka hujaza nafasi ndani ya fuvu polepole. Kwa dakika chache au saa kadhaa mtu hutembea, hutania, hukataa msaada. Kipindi hiki cha unafuu ndicho kinachowadanganya walio karibu naye.

Kwa hiyo aliyegonga kichwa, hata kama anajisikia vizuri, ateremke mlimani na asirudi siku hiyo. Asiachwe peke yake hotelini kwa saa 24. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja, degedege, au majimaji yanayotoka puani au masikioni: lolote kati ya haya ni sababu ya kuita gari la wagonjwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata asipokuwa na dalili. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa, aspirini isitumike.

Kuhusu helmeti, utafiti uliofanywa katika vituo vya skii vya Norwei na kuchapishwa mwaka 2006 ulihusisha uvaaji wake na kupungua kwa hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 60. Tafiti nyingine zimepata kinga ndogo zaidi, lakini mwelekeo ni ule ule, na dai la zamani kwamba uzito wa helmeti huvunja shingo halijathibitishwa. Helmeti ifuate kiwango cha EN 1077 au ASTM F2040, ikae wima bila kuyumba kichwa kinapotikiswa, na kamba ifungwe. Wenye rasta au nywele nyingi zilizosukwa wajaribu helmeti wakiwa na mtindo wa nywele watakaokuwa nao mlimani. Iliyokalia fundo la nywele huteleza nyuma na kuacha paji la uso wazi. Iliyokwisha kupokea pigo kubwa haitumiki tena, hata kama haionyeshi ufa.

Bega na goti huumia pia. Goti la mtelezaji wa ubao huponea kiasi kwa kuwa miguu imefungwa pamoja, lakini kuna wakati mmoja wa hatari usiotajwa sana: anaposhuka kwenye lifti ya viti, mguu wa nyuma umefunguliwa na wa mbele bado umefungwa. Ubao ukigeuka, goti hilo moja ndilo linalosokotwa.

Tumbo, wengu na selimundu

Kupiga ubavu wa kushoto dhidi ya kisiki au theluji ngumu huweza kupasua wengu. Mgonjwa anaweza kulalamikia bega la kushoto badala ya tumbo. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio kwa mtu aliyetulia na kupumzika yachukuliwe kwa uzito.

Lipo jingine ambalo vijitabu vya vituo vya skii hulitaja kwa nadra, nalo linawahusu wasomaji wa jarida hili kuliko wengine wengi. Vituo vingi vya Colorado viko juu sana. Mji wa Breckenridge upo takriban mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, na miteremko yake huanzia hapo kwenda juu. Kwa mgonjwa wa selimundu, baridi, upungufu wa maji na hewa yenye oksijeni kidogo ni vichocheo vitatu vya maumivu makali vinavyokutana mahali pamoja. Lakini hata aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote ameambiwa kuwa yeye si mgonjwa, anaweza akifika kwenye kimo hicho kupata kufa kwa sehemu ya wengu kwa kukosa damu. Hupatwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto bila hata kuanguka. Daktari asiyejua nasaba ya mgonjwa anaweza kulipita jambo hili. Mwenye maumivu hayo ashuke, anywe maji, aende hospitali na ataje selimundu yeye mwenyewe. Mwenye ugonjwa kamili ni vyema ashauriane na daktari wake kabla ya kununua tiketi.

Kabla ya kupanda na wakati wa kuanguka

Somo la mkufunzi kwa saa mbili za mwanzo lina thamani kuliko vifaa vyote vya gharama. Rafiki mwenye uzoefu si mbadala wa mkufunzi, maana mara nyingi humpandisha mgeni juu mno, kisha humwacha. Mteremko wa kijani au wa buluu unatosha; alama hizo hutofautiana kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini, hivyo ramani ya kituo isomwe.

Kuanguka kuna mafunzo yake, nayo yafanywe mahali tambarare kwanza. Anayeanguka mbele akunje ngumi, apige magoti, kisha atue kwa vigasha vyote viwili. Anayeanguka nyuma achuchumae upesi, alaze kidevu kifuani, akunje mikono mbele ya kifua na ajiviringishe kwa makalio na mgongo. Kishawishi cha kutanguliza kiganja ni cha asili. Ni mazoezi pekee yanayokiondoa.

Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji lina kanuni 10 za mwenendo mlimani. Kwa anayeanza, tatu zinahitaji kukaa kichwani: aliye chini ana haki ya njia, na anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa, anayeanza kuteleza atazame juu kwanza, anayepumzika akae pembeni, mahali anapoonekana, si katikati ya njia wala chini ya tuta. Wanaoanza hupenda kukaa katikati ya mteremko wakifunga ubao. Pombe ingoje jioni. Miwani ya theluji inahitajika hata siku ya mawingu, kwa kuwa theluji huakisi mionzi ya jua na weusi wa ngozi haukingi macho.

Nje ya njia zilizopangwa si mahali pa mgeni. Maporomoko ya theluji humwacha aliyefukiwa na dakika kama 10 hadi 15 ambamo uwezekano wa kuokolewa hai ni mkubwa. Na chini ya misonobari hujificha mashimo ya theluji laini ambamo mtu huzama kichwa chini na kukosa hewa.

Kurejea nyumbani na jeraha

Mashirika mengi ya ndege hudai plasta iliyofungwa chini ya saa 48 kabla ya safari ipasuliwe kwa urefu, ili uvimbe upate nafasi. Aliyefungwa mguu mzima aulize daktari kuhusu kinga ya damu kuganda kabla ya safari ya saa nane au kumi. Bima ikaguliwe kabla ya safari ya mlimani, si baada yake: baadhi hazilipii michezo ya theluji bila nyongeza, na kuteremshwa mlimani kwa helikopta ni gharama kubwa. Na picha zote, za eksirei na za CT, zichukuliwe katika diski au faili pamoja na taarifa ya maandishi inayotaja tarehe ya kuumia, aina ya plasta na siku picha inapotakiwa kurudiwa. Daktari wa mifupa wa Dar es Salaam au Nairobi atakayempokea mgonjwa huyo baada ya wiki mbili ataanza kazi yake kwa kulinganisha picha hizo na mpya.